Shahidi wa Kiti cha Kushoto

Jumamosi nilikuwa gereji moja ya Mji wa Kale nikingoja gari langu libadilishwe oili. Akaingia mzee na mkewe kwa pikapu inayovutwa na magurudumu yote manne. Mzee alikuwa ameiinua kwa springi ndefu, wapate kuvuka matope hadi kwa mama mkwe, ambaye ni mgonjwa. Mke akashuka, akasema haendi mpaka gari liache kutetemeka.

"Hutetemeka lini?" fundi akauliza.

"Ni barabara tu," mzee akajibu.

"Barabara gani, baba watoto? Hata lami ya Kizingo?" Mke akamgeukia fundi, akautikisa mkono. "Likianza kuondoka hutetemeka hivi, meno yakagongana. Likishika kasi hutulia."

"Huyu kazi yake kunitafutia makosa," mzee akasema, huku akimpangusa vumbi begani.

Fundi akaingia uvunguni, akatoka akicheka. "Mama kasema kweli. Gari limepanda, propela, huu mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, imeinama mno, viungo vyake havizunguki sawa. Hakuna haja ya kulishusha. Nitatia kabari chini ya springi, difu, hili bonge la katikati ya magurudumu ya nyuma, ielekee juu kidogo, propela ipungue kuinama."

Kabari zikatiwa. Wakazunguka mtaa mmoja, wakarudi, na mke hakushuka.

"Haya, twende kwa mama," akasema, "kabla hujaliinua tena."

Mke wangu, Mungu amrehemu, alinisumbua vivyo hivyo kwa kila mlio. Siku hizi naendesha kwa utulivu, alhamdulillahi, wala sijui gari langu linaumwa nini.