Bwawa Lililoandikwa Kavu

Watu walimwita Mama Majani, naye akaitika. Mwanzoni lilikuwa jina la kejeli, maana mwanamke mzima kushinda ameinama kwenye nyasi na reki mkononi huwachekesha wasio na kazi, na wasio na kazi hawakupungua pale. Miaka kumi na minne aliitunza bustani ile ya manispaa, jina likamganda mpaka likaandikwa kwenye karatasi ya zamu. Jina la kuzaliwa lilibaki kinywani mwa mama yake tu.

Bustani yenyewe, tusidanganyane, haikuwa na sura ya kupigia picha. Katikati palikuwa na bonde pana kama bakuli, limechimbwa kwa makusudi. Chini yalijaa matete na nyasi ndefu, na kingo zilijengwa ngazi za mawe ambazo watu walikalia wakila chakula cha mchana. Mitaro mitatu ya kokoto iliteremka kutoka barabara za juu na kumwaga humo. Kiangazi watoto walicheza mpira humo, pembeni ya matete. Mvua kubwa ikinyesha, maji yote ya mtaa wa juu yalikuja kulala pale siku mbili tatu, ardhi ikayanywa taratibu, na mtaa wa chini ukaamka miguu mikavu. Basi, kazi yake ilikuwa hiyo. Kuzuia jambo lisitokee. Na wewe niambie, nani amewahi kusema ahsante kwa jambo ambalo halikutokea?

Msanifu aliyeichora bustani, mama mmoja mfupi wa kofia pana, ndiye aliyemfundisha Mama Majani. Alimtembeza mtaro kwa mtaro. Hapa takataka hukwama. Hapa tope likifika kwenye alama nyekundu, lizolewe siku hiyo hiyo. Matete haya usiyafyeke hata wakubwa wakiyaita magugu, mizizi yake ndiyo inayoufungua udongo. "Na bonde hili," alisema, "linaitwa bwawa kavu. Ni bwawa, ila hukaa kavu likisubiri. Siku maji yakija yakalikuta limejaa vitu vingine, yatatafuta kwingine pa kulala." Halafu akahamishiwa mji mwingine, yeye na ramani zake, asionekane tena.

Hapo "kwingine" Mama Majani alipajua vizuri. Ni kwao.

Alikaa na mama yake mtaa wa chini, vyumba viwili vya mwisho kwenye safu, pale ardhi inapomalizia kuteremka. Bi mkubwa huyo miguu ilikufa ganzi kwa kisukari, na presha yake ilipanda kwa neno moja tu baya. Hakuwa wa kutoka. Dunia yake ilikuwa kitanda, kiti cha mlangoni na habari za kuletewa. Zamani, kabla bwawa halijachimbwa, maji yaliingia chumbani humo yakamchukulia kitindamimba wake, mtoto wa miaka mitatu. Tangu hapo wingu likitanda tu, alikaa macho mpaka lipite. Kwa hiyo kila jioni, binti hajavua hata viatu, swali lilikuwa hilo hilo.

"Bwawa liko salama?"

"Liko salama, mama. Leo nimezoa tope karai tisa."

"Na ndege?"

"Wapo. Wale weupe wa miguu mirefu, wawili."

"Haya, nipe chakula." Bila jibu hilo hali, hata umbembeleze vipi.

Sasa siku moja akaja karani kutoka makao makuu na ubao wake wa kuandikia, anaorodhesha mali za manispaa. Jua lilikuwa la kupasua kichwa, shati limemnata mgongoni, na mbele yake kulikuwa bado na masoko mawili na choo cha umma. Akasimama ukingoni mwa bonde.

"Mama, hili linaitwaje?"

"Bwawa kavu."

Karani akaandika. Karatasi yake ilikuwa na safu mbili, Jina na Hali. Kwenye Jina akaandika "Bwawa". Kwenye Hali akaandika "Kavu". Akaomba maji ya kunywa, akapewa, akashukuru. Mama Majani hata alimsindikiza hadi getini akimwonyesha njia ya mkato. Maskini ya Mungu, hakujua amesindikiza nini.

Miezi minane baadaye malori ya kifusi yakaingia. Mama Majani akasimama mbele ya la kwanza, reki ameishika kama anakwenda vitani. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mimi ni dereva tu, mama. Kamuulize aliyenituma."

Akaenda makao makuu na viatu vyake vya matope, akayakanyaga mazulia ya watu. Mkuu wa idara alimkaribisha kiti, akamsikiliza, tena kwa adabu. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu, maana mkali unamchukia ukapata nguvu. Huyu alifungua jalada akamwonyesha mstari kwa kidole.

"Soma mwenyewe, mama. Bwawa, hali kavu. Bwawa lililokwisha kufa tulilinde la nini, na watu hapa hawana pa kuegesha magari?"

"Kavu ni jina lake, bwana mkubwa. Si ugonjwa wake."

Loo, walivyocheka mle ofisini! Mhudumu wa chai naye akacheka. Mama Majani akangoja wamalize.

"Lile linangoja mvua," akasema. "Maji yasipolala pale, yatakuja kulala kwetu. Nina mgonjwa ndani."

"Tutaweka mabomba chini ya zege, ondoa shaka." Mkuu akapekua ukurasa. "Na taarifa hii ilitolewa na... mtunza bustani. Si wewe huyu?"

Ni yeye. Alitoka mle ndani, na njia nzima akalirudia lile neno, kavu, kavu, kama mtu aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau. Angesema "bwawa la mvua", je? Angesema "bwawa la kukingia mafuriko"? Mtu huweza kujitafuna hivyo mpaka akajimaliza, na karani wala hana habari.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake amelala na kitambaa cha maji kichwani. Presha ilikuwa imempanda tangu asubuhi.

"Bwawa liko salama?"

"Liko salama, mama."

Leo tu, alijiambia. Kesho nitamwambia. Lakini kesho alimkuta ana nafuu, anatabasamu, nani awe na moyo wa kuizima nafuu ile? Keshokutwa ikawa vigumu zaidi, kwa sababu sasa ilibidi aeleze na uongo wa juzi. Akawazungukia majirani mlango kwa mlango: tafadhalini, bi mkubwa asisikie. Fundi viatu, aliyepakana nao ukuta kwa ukuta, akaweka mkono kifuani mwake. "Kwangu limefika, dada. Hatalisikia kutoka kwangu. Na ukiwa kazini nitamtazama." Na mtaa mzima, mtaa ambao hauwezi kuficha hata ugomvi wa kuku, ukaificha siri ile.

Alitafuta vyumba mtaa wa juu. Kimoja kilikuwa ghorofa ya tatu. Cha pili mwenye nyumba alisikia habari za mgonjwa akasema kimeshachukuliwa. Cha tatu hakikuwa na choo ndani. Alirudi kila mara na visingizio vya kwa nini amechelewa, na visingizio navyo vikahitaji bustani. Basi akaanza kutia chumvi. Pale zege lilipomwagwa na mistari myeupe ya magari ikachorwa, yeye jioni alisimulia matete yamefika kiunoni. Alipopewa kopo amwagilie maua ya vyungu kuzunguka maegesho, jioni alikuwa na ndege saba na vifaranga. Mama yake alikuwa akifumba macho akisikiliza. Mama Majani alijichukia, nakwambia, alijichukia kweli, na kila jioni akasimulia.

Mvua ilikuja mchana, saa nane. Haikuwa kubwa kuliko za miaka iliyopita, usije ukadanganywa. Alikuwa maegeshoni na ufagio, na kwa dakika chache akaona maji yakija kutoka mitaa ya juu kwa njia zao zile zile tatu. Yakafika kwenye zege, yakapita juu yake bila kusita. Midomo ya mabomba, mipana kama sufuria ya watu wawili, ilizibwa na majani na mifuko. Akapiga magoti kuizibua kwa mikono. Alipozoa konzi moja zilikuja tatu. Ndipo akatupa ufagio akakimbia.

Mtaa wa chini ulikuwa umekwisha kuwa mto. Watu walikuwa kwenye mabati na kwenye ngazi za nyumba za juu, wanaitana majina. Alipoingia majini wanaume wawili wakamshika, akawauma, wakamshika tu. Maji yalipita juu ya vizingiti vya madirisha. Yalishuka usiku, ndipo wakaufungua mlango kwa shoka. Walimkuta bi mkubwa amekaa kwenye kiti chake, pale pale karibu na mlango, khanga ameifunga vizuri kichwani.

Siku ya tatu baada ya mazishi fundi viatu alikuja. Alikaa kwenye mkeka, akatoa pole. Mwishowe Mama Majani akamuuliza mwenyewe.

"Uliniahidi utamtazama. Hukuwahi kufika?"

"Niliwahi, dada. Maji yalikuwa kwenye kifundo cha mguu. Tulikuja mimi na kijana wangu mkubwa kumbeba na kiti chake. Akagoma. Akasema hayo ni maji ya mfereji tu, yatapita, nikawatoe wanangu wadogo kwanza."

"Ungemwambia."

"Nilimwambia." Fundi alikuwa anatazama mikono yake, vidole vimeingia gundi kwenye kucha. "Nilivunja ahadi yako. Nilipiga magoti hapo mlangoni nikamwambia, mama, bwawa halipo, limefukiwa siku nyingi, twende. Akanitukana. Akasema mimi ni mwongo, mwanawe kamsimulia jana tu."