Mayai Niliyoiba Bandani Mwangu

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kutoka Kisian mpaka Sondu hakuna mtu wa kunifundisha mambo ya kuku. Nilianza na jogoo mmoja niliyemnunua soko la Sondu nikiwa sina viatu. Leo banda langu la kuku wa mayai ni refu kuliko kanisa letu. Chakula chao nachanganya kwa mikono yangu: pumba ya mahindi, soya, na omena, dagaa wa ziwani, waliovunjikavunjika ambao wamama wa ufukweni wananiuzia kwa gunia. Mgeni akija nampeleka bandani kwanza, watu atawasalimia baadaye.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyokasirika siku ile mama wa afya wa kijiji alipokuja na utepe wake wa rangi tatu wa kupimia lishe, akauzungusha kwenye mkono wa mjukuu wangu, akakunja uso. Mtoto huyo ni wa binti yangu. Binti alipata kazi ya kupika hotelini Nairobi, akamwachisha kunyonya, akatuachia mtoto hapa akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

"Mzee, ni njano, si kijani ya afya," akasema mama wa afya. "Ikishuka kidogo inaingia nyekundu, na hapo lazima alazwe."

"Utepe wako umelegea. Huyu anashiba, angalia tumbo."

"Tumbo naona. Anakula nini?"

Mke wangu akamweleza: asubuhi uji mweupe, mchana ugali na supu ya sukuma wiki, jioni ugali uliobaki na chai ya rangi.

"Hebu nipime mimi," nikasema, nikakunja shati. Utepe haukunizunguka. Nilicheka peke yangu.

Yeye alikuwa anaangalia bandani. "Kuku zako, mzee jaduong', hata bila utepe naona ziko kijani. Zinakula omena, mtoto anakunywa maji ya sukuma. Na mayai je?"

"Boma hili mtoto hali yai!" Nilisema kwa sauti ya kufika kwa jirani. "Mtoto akionja yai mapema anakuwa mwizi wa viota. Mama yangu alinilea hivyo."

"Mama yako alikuwa na kuku wangapi?"

"Wawili."

"Ah," akasema, akafunga mkoba wake. "Nitarudi mwezi ujao. Na hizo omena, zingine zisagwe ziingie kwa uji."

Omena nilikubali, maana omena sikuwa nimeikataza. Lakini asubuhi iliyofuata nilikuwa naokota mayai, mtoto akaja akanishika suruali. Nikauzungushia mkono wake kidole gumba na cha pili, vikakutana vikapitana. Nimelea vifaranga maisha yangu yote. Kifaranga akiwa hivyo namtenga na wenzake, namlisha mwenyewe, sisubiri kuambiwa. Huyu nilikuwa nasubiri nini?

Shida ni kwamba nilikuwa nimeshasema, na jirani alisikia. Mtu wa sampuli yangu harudi nyuma mbele ya watu. Basi nikaiba. Yai moja, ndani ya kofia, mpaka stoo ya chakula cha kuku. Nikalichemsha kwa mkebe ninaopashia maji ya kunyolea, nikaliponda kwa kidole, nikamlisha. Maganda nikasaga nikachanganya na chakula cha kuku, maana kuku wanayahitaji. Mdomo wa mtoto nikaufuta kwa shati langu. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Nilikuwa naingia stoo nikinyata kama fisi, kwenye stoo niliyojenga kwa pesa zangu!

Wiki ya pili mke wangu, ambaye ndiye hupanga mayai kwenye trei, akaanza kulalamika.

"Mzee, kuna kitu kinatuibia. Kila siku trei inapungua mayai mawili."

Mawili? Moja nilijua liliko. Damu ikanichemka. Nani huyo mshenzi anayeniibia?

"Ni kenge," nikasema.

"Kenge gani mstaarabu hivyo, anachukua moja tu na kuondoka?"

"Si umesema mawili?"

"Mawili, ndiyo. Ulimi umeteleza."

Nilikagua wavu wote. Nikaziba tundu ambalo hata panya angekwama. Nikatangaza kwamba mwizi huyo nikimshika nitampeleka kwa chifu akiwa amevaa manyoya. Mke wangu akaitikia, "Kabisa, Mzee. Usimhurumie."

Siku moja adhuhuri njaa ikanishika mapema. Mke wangu alikuwa kisimani, sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, iko jikoni. Nikachota mwenyewe, kijiko kikagonga kitu kigumu. Yai zima na ganda lake, limetulia katikati ya maharagwe. Nilikuwa bado nimelishika mkononi, linaniunguza, aliporudi.

Akatua ndoo taratibu.

"Kumbe kenge ni wewe," nikasema.

"Na stoo inanuka mayai ya kuchemsha, Baba. Unafikiri sina pua?"

"Kwa nini hukuniuliza tu?"

Akanitazama. "Mama ya huyu mtoto ulimchapa kwa sababu ya yai moja alilokula, tena lilikuwa limepasuka. Ningekuuliza nini?"

Nilimenya yai lile, nikampa yeye amlishe mtoto.

Mama wa afya aliporudi, alizungusha utepe mara mbili, hakuamini mara ya kwanza. Kijani. Kwa ukucha tu, lakini kijani. Jirani alikuwa amesimama kwenye ua, masikio wazi.

"Mmempa nini?" akauliza mama wa afya.

Mke wangu akainamia sukuma zake. Nikakohoa.

"Omena kwa uji," nikasema. "Na yai. Kuanzia leo, yai moja kila asubuhi ni la huyu, kabla ya trei."

"Mawili," akasema mke wangu bila kuinua kichwa.

"Mama, moja linatosha. Hoteli zinazonunua kwetu zitakula nini?"

"Amezoea mawili, Mzee."

Jirani akaanza kucheka. Nikamwambia aende kwake akachunge mbuzi wake, kisha nikaingia bandani kuleta la pili.