Kofia Niliyoifua Doha

Siku yangu ya kwanza kazini Doha nilikabidhiwa toroli la shuka, pasi ya mvuke na mwanamke Mkenya aliyenitazama kuanzia viatuni mpaka kofiani. Huyo alikuwa Njeri, msimamizi wa chumba cha dobi katika hoteli iliyoniajiri.

"Mzee, hapa hakuna story mingi," aliniambia. "Shuka ikiingia iko dirty, ikitoka iko clean. Ni hiyo tu."

Sikuwa mzee wakati ule. Njeri alimwita mzee kila mwanamume aliyevaa kofia, na mimi sikuivua yangu, kwa sababu nilikuwa nimeishona mwenyewe. Kwetu Makunduchi baba yangu alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile zinazotobolewa vitundu vidogo kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka zitoe maua. Mama yangu alikuwa msusi wa ukili, yaani ule mkanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka au kikapu. Nimelelewa baina ya uzi na ukili, na bado riziki yangu ikaniita nikapige pasi mashuka ya watu nisiowajua. Ndiyo dunia.

Miaka ya dobi ilinipita hivyohivyo. Nililala mtaa wa Najma, chumba kimoja na Wapemba wawili na kijana wa Tanga aliyepika vizuri na kuosha vyombo vibaya. Asubuhi basi la kampuni, jioni basi la kampuni. Siku moja mudiri, yaani meneja wa hoteli, akashuka dobini, jambo lisilotokea kamwe, akauliza: "Nani hapa anajua kofia?"

Njeri hakunipa hata nafasi ya kuinua mkono. "Huyu hapa. Hata akiwa analala anavaa."

Hivyo ndivyo nilivyofika nyumbani kwa mwenye hoteli. Wafanyakazi wote wa nyumba walimwita Baba, kama ilivyo desturi huko, nami nitamwita hivyo. Baba alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye maneno machache, na alikuwa na maradhi mamoja tu: kukusanya kofia kuukuu za Kitaliano. Alikuwa na chumba kizima, baridi kama jokofu, rafu toka sakafuni mpaka juu. Mapama yale ya ukingo mpana, ya kijivu, ya kahawia, meusi ya kuvaliwa harusini, kofia za ukindu-ukindu za kiangazi, nyingine zimetengenezwa kabla babu zetu hawajaoa. Alikuwa akizinunua kwa wajane na kwa maduka yaliyofungwa, kote Italia.

"Fundi wangu Mtaliano atakuja wiki ijayo akufundishe," aliniambia. "Mpaka hapo, futa vumbi tu. Shwaya shwaya, polepole."

Nikafuta vumbi. Nilimaliza rafu zote siku ya pili, na hapo ndipo jicho langu likaangukia meza ndogo ya pembeni. Juu yake palikuwa na pama moja la kijivu, peke yake. Nikaligeuza. Ndani ya kila pama huwa kuna mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso, kazi yake ni kunywa jasho ili lisifike kwenye kitambaa. Mkanda wa pama lile ulikuwa mweusi kwa jasho kavu, unang'aa, na una harufu ya mtu. Nikajiambia: masikini, hii wameitenga kwa uchafu. Wameniwekea mimi.

Nyinyi vijana mtanicheka, lakini fikirini nilikotoka. Kwetu kofia iliyolowa jasho haiendi msikitini Ijumaa. Alhamisi hufuliwa kwa sabuni, ikatiwa wanga, ikavikwa sufuria ndogo iliyopinduliwa, inayolingana na kichwa cha mwenyewe, ikakauka huku imesimama. Baba yangu alikuwa na sufuria za watu wa mtaa mzima, kila moja ikijulikana ni kichwa cha nani. Kumwachia mtu kofia yake na jasho ilikuwa ni kumvunjia heshima. Basi nikachemsha maji. Nikaifua kofia ile kama ninayemfulia sultani, nikasugua mkanda wa ngozi mpaka ukawa mweupe, nikatia wanga, nikaivika sufuria ya jikoni na kuiweka juani. Na jua la Doha mnalijua.

Jioni nilipokwenda kuivua ilikuwa ngumu kama kifuu na imerudi ndogo hata isingemwenea mtoto wa madrasa.

Baba aliikuta mkononi mwangu. Aliichukua, akaigeuza, akaipeleka puani. Akanusa mara moja, akanusa tena. Kisha akakaa juu ya kiti.

"Nani alikwambia uifue?"

"Hakuna, Baba. Nilidhani mmeitenga kwa sababu ni chafu."

"Niliitenga kwa sababu ni ya baba yangu."

Akanieleza, na kila neno lake lilinichoma. Marehemu baba yake aliugua macho, akapelekwa Milano kutibiwa, na yeye, kijana wakati huo, akafuatana naye kumkalimania. Daktari akamtaka mzee akinge macho na jua. Wakaingia dukani pamoja, mzee akachagua pama hilo, akalivaa miezi yote ya matibabu, akitembea barabarani ameshika mkono wa mwanawe. Waliporudi hakumaliza mwaka. Nguo zake zilitolewa sadaka zote. Ilibaki kofia, kwa kuwa hakuna aliyeitaka, na mle ndani ilibaki harufu yake. Kofia nyingine zote za chumba kile zilifuata nyuma ya ile moja.

"Usiguse kitu tena," alisema. "Mtaliano akija ataniambia kama inatibika. Ikishindikana, utarudi kwenu."

Njeri nilipompigia simu alisema: "Wueh, mzee. Hiyo sasa ni kufua mpaka kazi yenyewe." Kisha akaongeza, kwa sauti nyingine, "Lakini omba Mungu. Mimi pia nitakuombea, hata kama ni kanisani."

Nilikuwa na watoto watatu shuleni na nyumba iliyofika lenta. Lakini nasema kweli, usiku sikuwa nikiwaza nyumba. Nilikuwa nikimwaza yule mtu mzima akinusa ngozi isiyo na kitu.

Yule fundi Mtaliano akaja. Maestro Renzo jina lake, maestro kwao ndiyo fundi mkuu, mzee mfupi, mikono mikubwa, vidole vimepinda kwa kuvuta kofia maisha yake yote. Kiarabu chake kilikuwa kibovu na Kiingereza chake kilikuwa kibovu zaidi, na hicho ndicho kilichotufanya tuelewane. Aliipokea ile kofia, akaigonga kwa kucha.

"Umeipika," akaniambia.

"Nimeifua, Maestro."

"Hapana. Umeipika."

Akanieleza palepale, kwani hakuweza kukasirika bila kufundisha. Pama la namna ile halifumwi wala halishonwi. Ni manyoya ya sungura yaliyolowekwa, yakashindiliwa na kubanwa mpaka yakashikana yenyewe kwa yenyewe, na hiyo huitwa felti. Maji ya moto na kusugua ndivyo vilivyoizaa, basi ukiipa tena maji ya moto na kusugua inaendelea kushikana pale ilipoachia. Mimi nilidhani ninaisafisha, kumbe naitengeneza upya, na vibaya.

Siku tisa aliitibu. Aliitoa wanga kwa mvuke na brashi, akaivika kalibu, yaani kichwa cha mti kilichochongwa, kwanza kidogo, kesho yake kikubwa kidogo, kesho yake kikubwa zaidi. Mimi nilishika birika la mvuke. Hakuniruhusu kushika kingine. Akiona nina haraka alinipiga kofi dogo mkononi, akisema neno moja la Kitaliano ambalo mpaka leo sijui maana yake na sitaki kujua.

Siku ya tisa Baba akaingia. Maestro akamkabidhi. Kipimo kilikuwa kimerudi, na ukingo ulikuwa umekaa sawa.

"Ukubwa nimeurudisha," alisema Maestro. "Harufu siwezi. Hiyo haitoki karakanani. Inatoka kichwani."

"Kichwa chake kimezikwa," alisema Baba.

"Chako kipo."

Baba aliirudisha kofia juu ya meza yake. Kisha akanielekeza kidole, akimuuliza fundi wake: huyu nimfanye nini?

"Mwache," alisema Maestro. "Huyu ameshaua moja, amejifunza. Ukileta mpya, ataanza kuua upya."

Ndivyo nilivyobaki. Maestro alikuwa akija mara mbili kwa mwaka, na kila akija alinipa elimu mpya. Kofia haishikwi kwa kuibana pale juu mbele, inapasuka. Hushikwa kwa ukingo, mikono miwili, kama sinia la chai. Hailazwi kwa ukingo, hupinduliwa ikalala kwa kichwa chake. Brashi hufuata mlalo wa manyoya. Na kamwe, kamwe, kofia haiwekwi kitandani. Siku moja nilisahau nikaiweka moja juu ya kitanda cha wageni, Maestro akaruka kama aliyeona nyoka. Kwao aliyeweka kofia kitandani zamani alikuwa daktari au padri, amekuja kwa mtu anayekata roho. Nikamwambia kwetu ni bundi. Akaelewa mara moja.

Heshima yake kwangu ilikuja kwa njia nyingine. Alileta kofia ya kiangazi iliyotengenezwa kwa mashina ya ngano, ukingo umefumuka, na alikuwa amekata tamaa nayo, maana bibi aliyekuwa akimsukia amefariki. Nikaiangalia, nikacheka. Ilikuwa msuko mwembamba, umeshonwa kwa kuzungushwa kuanzia utosini, mzunguko juu ya mzunguko.

"Hii ni ukili," nikasema.

Nikalowesha mashina, nikasuka kipande cha kiasi cha mkono. Vidole vilikumbuka kabla ya kichwa. Maestro akakihesabu kipande changu kwa ukucha, mara mbili, anatafuta kosa. Hakulipata.

"Mama yako alikuwa Mtaliano?"

"Mama yangu alikuwa Mmakunduchi."

Tangu siku ile alinivutia kiti tukakaa sawa. Nilimpenda mzee yule, wala sioni haya kulisema. Alipoacha kusafiri kwa sababu ya magoti, Baba alinikabidhi chumba chote, na nyumba ilipohamia mji mpya wa Lusail ni mimi niliyezipakia kofia zote, moja moja, kila moja katika kisanduku chake.

Ile ya kijivu ilihama nasi, ikawekwa juu ya meza yake ileile. Kila mwezi niliipiga brashi. Kila mwezi niliugeuza mkanda wa ngozi, mweupe kama nilivyouacha, na kila mwezi nilisema moyoni: nisamehe, mzee. Baba hakuwahi kunilaumu tena. Lakini nami sikuwahi kumwona akiigusa, na hilo halikunitoka miaka yote ile.

Nilipokaribia kustaafu nililazwa kwa presha, nikakaa mbali na kazi karibu miezi miwili. Nikarudi kukabidhi funguo na kuaga. Baba alinikaribisha majlis, sebule yake ya wageni, tukanywa kahawa, akaniuliza habari za wajukuu. Kisha akanyanyuka mwenyewe, akaenda chumba cha kofia, akarudi na lile pama la kijivu ameshika kwa ukingo, mikono miwili.

"Makame, kazi ya mwisho. Hebu itazame."

Nikaigeuza. Kwenye mkanda wa ngozi, palepale pa paji la uso, palikuwa na mstari wa rangi ya chai. Jasho. Bado jipya.

"Natembea nayo asubuhi, pale ufukweni," alisema. "Wajukuu zangu wananicheka. Nambie wewe fundi, imechafuka? Inataka kufuliwa?"

Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, lakini macho yalikuwa yakicheka. Mimi sikuweza kucheka.

"Hapana, Baba," nikasema. "Ndiyo kwanza inaanza kukaa."

Akaivaa. Akanisindikiza mpaka nje mlangoni akiwa nayo.

Sasa niko nyumbani Makunduchi, na sufuria za baba yangu ninazo, ila kofia zake sina hata moja. Alipofariki nilizifua zote kwa mikono yangu, nikatia wanga, nikazigawa, na watu wakanisifu kwa usafi. Juzi nimemwambia mke wangu Mwanaidi: nikifa, kofia zangu fueni mgawe kama ilivyo ada, lakini moja iacheni kama ilivyo.

"Itanuka," akasema.

"Ndiyo, itanuka."

Aliendelea kuchambua mchele wake mpaka nikadhani mazungumzo yamekwisha. Kisha akasema, bila kuinua uso: "Moja tu, Makame. Na nitaichagua mimi."