Geji ya Mzee wa Pikapu

Juzi gereji ya Kitale alikuja mzee na mkewe kwa pikapu kuukuu. Mama alitaka kwenda Kimilili kumwona mamake mgonjwa. Mzee akaonyesha geji kwa kidole. "Si unaona mshale umelala, mama watoto? Hakuna petroli."

Fundi akachomoa waya wa tangi, akaugusisha kwenye bodi ya gari. Mshale ukaruka juu. "Geji ni nzima, baba. Boya la ndani ya tangi ndilo limetoboka likazama." Akaitikisa pikapu, petroli ikasikika ikicheza. "Hii karibu ijae."

Mama akashika kiuno. "Mwezi mzima unaniambia hakuna!"

"Si mshale ndio ulisema, bana."

Sisi wa Bungoma tuliokuwa hapo tulielewa kwa nini hakutaka kwenda. Mkwe haketi nyumba moja na mama mkwe, kwa hivyo angeshinda nje juani.

"Utakaa kwa gari," mama akasema, akimfunga kifungo cha shati. "Kuku nitakuletea hapo hapo."

"Paja?"

"Yote mawili."

Fundi akarudisha waya, mzee akavuta choki, injini ikawaka. Mimi huwa sisifu waume za watu, lakini huyu aliondoka mshale ukiwa umelala tena, na hakuutazama.