Saa Ambayo Mzee Gurdip Hakuinunua

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Januari 2008 ambayo hainitoki akilini, na kwa kuwa naona umeanza kukusanya saa kuukuu, heri nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa kijana, nauza vipuri vya magari hapa Nakuru. Mapenzi ya saa niliambukizwa na Mzee Gurdip, Kalasinga mwenye duka la nguo karibu na Bondeni. Yeye hakutaka saa za kila aina. Alitaka kronografu tu, zile saa za mkono zenye vitufe ubavuni na mshale wa kupimia mbio, walizovaa madereva wa mashindano ya magari zamani. Alikuwa nazo nyingi. Moja tu ndiyo iliyomkwepa maisha yake yote, ya uso mweusi, ya aina ambayo zilitengenezwa chache mno. Aliwahi kuisafiria hadi Mombasa akakuta imeuzwa jana yake. Maskini, hakula siku hiyo.

Basi, mji ulikuwa umetulia kidogo baada ya vurugu za uchaguzi. Nilikuwa dukani kwa Mzee Gurdip alipoingia mama mmoja, mtoto mgongoni, amekimbia kutoka Molo. Akafungua kitambaa, akaweka saa juu ya kaunta. Uso mweusi. Moyo ulinipiga paa!

"Boss, nunua hii," mama akasema. "Nipe tu nauli ya kufika kwa dadangu Mai Mahiu."

Mzee Gurdip akaishika. "Ni ya nani?"

"Ya mzee wangu. Tulipotezana nyumba ilipochomwa. Sijui kama yuko hai."

Nikamnong'oneza, "Mzee, mpe nauli uichukue. Si anauza mwenyewe?"

"Huyu hauzi," akanijibu polepole. "Huyu anakimbia."

Akampa nauli na blanketi. "Mama, barabara si nzuri, utanyang'anywa. Nitakuwekea. Mzee wako akipatikana, mwambie aje kwa Gurdip."

Ikakaa. Nilimkuta mara nyingi akiitazama, lakini hakuichanganya na zake. Mvua ndefu zilipoanza, akaja mwanamume mwembamba, anachechemea. Ndiye mwenye saa, mume wa yule mama; mkewe ndiye aliyemwelekeza. Mzee Gurdip akamweleza wazi saa ile ni kitu gani, na kwamba angeinunua kwa bei yake halisi.

Yule bwana akatikisa kichwa. "Asante, mzee. Nyumba ilienda, ng'ombe wakaenda. Hii nilipewa na baba." Akaivaa, akatoka.

"Inauma?" nikamuuliza Mzee Gurdip.

"Inauma sana," akasema, machozi yakimlengalenga, huku anacheka. "Lakini hebu angalia anavyotembea sasa, kichwa juu."

Mzee Gurdip alifariki bila kuipata saa ya aina hiyo.

Mwanangu, kusanya. Si dhambi kupenda kitu kizuri. Ila ukiletewa saa, kabla hujaigeuza kukagua mgongo wake, mtazame usoni aliyeileta. Kama amefiwa, kama amefukuzwa kwake, msaidie kwanza, mwambie ukweli kuhusu mali yake, halafu umwache atulie. Akitulia na bado anataka kuuza, nunua, na uivae kwa amani. Akikataa, mpe mkono. Itakuuma, sikufichi.

Mungu akupe jicho la kutambua kitu adimu, na moyo wa kukiachilia. Uzeeke ukiheshimika, mwanangu, na mwenye shida asiogope kubisha mlango wako.