Anachambua vyuma ili mumewe apumue

Saa moja asubuhi, lori la chuma chakavu linamwaga mzigo kwa kishindo uani mwa kiwanda. Vumbi halijatua, mwanamke mwenye glavu nene ameshainama, anageuza mlango wa gari uliokunjika.

Wenzake humwita Mama Sumaku, kwa ile sumaku anayoning'iniza kiunoni. Kazi yake ni kuchambua vyuma kabla havijaingia tanurini.

"Mama, kwani leo tunalala hapa?" anauliza dereva wa lori, anayesubiri mzigo ukaguliwe, mkono kwenye honi.

"Lala tu, mwanangu. Nitakufunika."

Anatania, lakini macho hayabanduki kwenye ule mlango. Anapenyeza mkono, anavuta taratibu. Lo! Mtungi mdogo wa gesi, umezibwa mdomo, na kitu kinacheza ndani. Ukitumbukia kwenye chuma kilichoyeyuka, hulipuka. Na anayesimama mbele ya tanuri leo ni mumewe.

Dereva anashuka garini. "Samahani, mama. Nikusaidie kugeuza?"

Kwa miaka kumi na minane mumewe alihudumia tanuri la makaa ya mawe. Alirudi nyumbani na kikohozi kisichosikia dawa.

"Nilikuwa silali, namsikiliza," anasema Mama Sumaku. "Akinyamaza kidogo nampiga kiwiko: we, upo?"

Mwaka jana kiwanda kilileta tanuri la umeme, linaloyeyusha vyuma vikuukuu bila kuchoma makaa. Moshi ukapungua, na kikohozi nacho. Ila bado ni majaribio. Wakubwa wamesema ukitokea mlipuko mmoja tu, wanalizima na kurudi kwenye makaa. Ndiyo maana mama huyu hakubali kuharakishwa, japo mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, "unaishia dukani kabla haujafika nyumbani".

Mchana mumewe anatoka, uso umeiva kwa joto. Wanakula bakuli moja, wameegemea ukuta.

"Leo umeniondolea nini?" anauliza. Ndiyo salamu yake ya kila siku.

"Mtungi wa gesi."

Mzee anaacha kutafuna. Kisha anamfuta mkewe vumbi kwenye nyusi, polepole, mbele ya watu.

"Ahsante, mke wangu."

"Kula, chakula kinapoa."

Majaribio yakifaulu, tanuri la makaa litabomolewa kabisa. Mama Sumaku anaisubiri siku hiyo kwa hamu. Akiulizwa atafanya nini baada ya hapo, anamtazama mumewe na kucheka.

"Wenzangu wanaomba majumba. Mimi namwomba Mungu nizeeke na huyu mpaka tuchokane."