Isale kwa Mkata Miwa

Nilianza jujitsu ya Kibrazili nikiwa na miaka thelathini na moja, umri ambao wenzangu wa Uru, huko mlimani, walikuwa wameshaanza kuota vitambi. Ilikuwa miaka michache baada ya elfu mbili kuingia. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, nusu ya mibuni ya marehemu baba nilikuwa nimeing'oa kwa mikono yangu, na sasa nilikuwa nauza mitumba Moshi mjini na kugombana na wateja. Nina hasira za karibu, nimezaliwa nazo. Mama alikuwa akiniambia nizitafutie pa kwenda kabla hazijanifikisha polisi.

Nilizipeleka kwenye ukumbi mmoja wa parokia. Mwalimu alikuwa kijana Mbrazili aliyekuja kujitolea hospitalini, mpole, mwenye mkanda wa bluu na Kiswahili cha miezi minane. Tulikuwa tukipanga magodoro ya sponji sakafuni na kuyafunika kwa turubai. Makoti ya mazoezi tulishonewa na fundi cherehani wa sokoni, kwa kitambaa kigumu kilichotuchubua shingo hadi Jumapili kanisani tukawa tunajikuna.

Nilitegemea siku ya kwanza nifundishwe kumbwaga mtu. Mwalimu alilala chali, akamwambia mmoja wetu amkabe, kisha akampigapiga begani kwa kiganja, na yule akamwachia.

"Ukizidiwa, gonga," alisema. "Mwenzako akigonga, achia hapo hapo. Asipoachia, sisi hatuchezi tena. Tunaumizana tu."

Nilitikisa kichwa kukubali, nikiona kwamba hilo hata mtoto analijua.

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa mtu wa kugonga. Aliyenigongesha kuliko wote alikuwa kijana mmoja mkata miwa. Wazazi wake walitoka Kigoma kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa huku chini ya mji, naye akazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilimzidi karibu miaka kumi, na alianza mazoezi baada yangu. Lakini alikuwa na mikono ya mtu anayeshika panga tangu alfajiri, na alikuwa mwepesi kuelewa. Kila akinishinda alininyanyua na kuniambia, "Pole, kaka." Hiyo pole ndiyo iliyokuwa ikiniunguza. Angenicheka ningemsamehe.

Jumamosi moja ya masika mvua ilikuwa inapiga mabati hadi hatusikilizani. Alikuwa amenigongesha mara mbili, na mara mbili nimepewa pole yangu. Raundi ya tatu aliteleza, nikaupata mkono wake wa kushoto. Nikalala chali, nikaubana katikati ya mapaja, nikauvuta kifuani kama tulivyofundishwa. Alinigonga pajani kwa kiganja cha kulia. Akagonga tena. Akagonga mara ya tatu.

Nilivuta kidogo zaidi.

Kiwiko kililia. Yeye hakupiga kelele, alivuta pumzi tu na kuushika mkono. Mwalimu alikuja mbio, akauliza kumetokea nini, nikasema, "Sikusikia. Mvua." Wote waliangalia juu kwenye mabati, wakaniamini. Mwalimu alimpeleka hospitali, na aliporudi alituomba radhi sisi wanafunzi wake, kwamba kosa lilikuwa lake, hakupaswa kutuacha tushindane katika kelele ile. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikakunja koti langu nikaondoka.

Nyumbani Uru nilimwamkia mama shikamoo, nikamsimulia kama nilivyowasimulia wengine. Alikuwa anamenya ndizi, na hakuacha kumenya.

"Umemwomba msamaha?"

"Mama, nimekwambia sikusikia."

"Hilo sijakuuliza."

Asubuhi nilikuta ameniwekea jani la isale mezani, ameshalifunga fundo. Isale ndiyo tunayopanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu, yale mashamba ya ukoo, na ukimkosea mtu unampelekea jani lake. Akipelekewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata awe na uchungu namna gani. Baba aliwahi kuletewa na mtu aliyemwibia ndama. Alilipokea midomo ikimtetemeka kwa hasira, na hakumtajia tena yule bwana habari za ndama hadi tulipomzika. Nililitia lile jani mfukoni na moyo ukawa mwepesi. Niliona jambo limekwisha, limebaki kulifikisha tu.

Nilimkuta yule kijana amekaa kwenye kibao nje ya nyumba yao, mkono umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni kwa kipande cha kanga. Mkata miwa hushika bua kwa kushoto na kukata kwa kulia, kwa hiyo mkono mmoja haumtoshi. Nilimpa jani kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikangoja.

Aliligeuza huku na huku. Akalinusa.

"Asante, kaka," alisema. "Nalichemsha, au nalifunga hivi hivi?"

Nilidhani ananikejeli. Nikamtazama, nikaona hapana, anauliza kwa dhati. Ilionekana amenihesabu mtu mwema aliyemtafutia dawa. Wazee wake walikuja na mila zao kutoka Kigoma, na isale haikuwamo. Mikononi mwake lile lilikuwa jani tu.

Nilisimama pale nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Njia nzima kutoka mlimani hadi kwenye miwa nilikuwa nimelitegemea jani linisemee, ili mimi nisifungue kinywa.

"Si dawa," nilisema. "Kwetu ni la kuombea msamaha."

"Msamaha wa nini? Si ulisema hukusikia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mvua ilikuwepo, mashahidi walikuwepo.

"Nilisikia," nilisema. "Uligonga mara tatu. Zote nilizisikia."

Aliliweka jani juu ya kibao, kando yake. "Nilijua, kaka. Tulikuwa tunatazamana." Kisha akasema, bila ukali, "Sasa nenda nyumbani."

Nilikwenda. Kipindi kilichofuata nilisimama mbele ya mwalimu na wenzangu nikawaambia ukweli. Mwalimu hakunifukuza. Alinikalisha kwenye benchi nitazame tu, na kila jioni nilifuta turubai peke yangu wengine wakivaa viatu. Hakuna aliyenisemesha sana, na sikuwalaumu.

Yule kijana alirudi mvua zilipokwisha. Kiwiko cha kushoto kilikuwa hakinyooki tena chote, na kazini walikuwa wamemwondoa kwenye panga wakampeleka kuongoza maji kwenye mifereji. Nilipomwona mlangoni nilitaka kutoka nje. Mwalimu aliniambia nivae koti, kisha akauliza nani atafanya mazoezi na mimi. Kila mtu akawa anakaza mkanda wake.

Alikuja yeye. Akalala chali mbele yangu, akaninyooshea mkono wa kulia.

"Vuta, kaka."

Niliubana kati ya mapaja, nikauachia hata kabla kiwiko hakijanyooka.

"Bado sijagonga," alisema. "Rudia."

Niliushika tena. Ulikuwa ndio mkono pekee aliobaki nao mzima. Nikauvuta polepole, macho yangu kwenye macho yake, mpaka kiganja cha ule mkono uliopinda kilipokuja kunigusa pajani, mara moja. Nikaachia.